Neno Muhimu na Mtindo: Uhakiki wa Kiswahili Kiandikwacho kwa Ajili ya Mitambo ya Utafutaji

1. Utangulizi

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili huanza kazi yake kwa kuuliza utungo umekusudiwa nani. Mtunzi wa utenzi alimkusudia msikilizaji aliyekuwa tayari kukesha akisikiliza. Mwandishi wa gazeti alimkusudia msomaji mwenye haraka. Mtunzi wa tamthilia alikusudia macho na masikio ya watu walioketi pamoja ukumbini. Katika tovuti za Kiswahili imezuka hadhira nyingine ambayo haisikii, haichoki wala haicheki, nayo ni mtambo wa utafutaji, kama vile Google. Mtambo huu husimama baina ya mwandishi na msomaji mfano wa bawabu mlangoni. Asiyekubaliwa na bawabu hamfikii mwenye nyumba, hata akiwa na habari njema namna gani.

Kutokana na hali hiyo umekua uandishi wenye kanuni zake. Mwandishi huchagua kwanza maneno ambayo watu huyaandika wanapotafuta jambo, yaani maneno muhimu. Kisha huyatia katika kichwa cha ukurasa, katika vichwa vidogo, katika aya ya kwanza, na tena na tena katika matini yote, ili ukurasa wake upate nafasi ya juu katika orodha ya matokeo. Aghalabu jambo hili hutazamwa kuwa la biashara au la ufundi wa tarakilishi. Makala haya yanalitazama kuwa suala la mtindo wa lugha, na kwa hiyo suala linalostahili kuhakikiwa kwa vipimo vilevile vya fani na maudhui.

Hoja kuu inayotetewa hapa ni kwamba kasoro za maandishi ya namna hii hazitokani na hamu ya kutaka kupatikana. Hamu hiyo ni halali; hakuna aandikaye ili asisomwe. Kasoro zinatokana na kuchukua kanuni zilizozaliwa katika Kiingereza na kuzibandika juu ya lugha yenye umbile jingine. Kiswahili kikiandikwa kwa kufuata sarufi yake na upana wa msamiati wake, huweza kumridhisha bawabu na mwenye nyumba kwa pamoja.

2. Asili ya neno muhimu

Wazo la kupima maana kwa kuhesabu maneno lilitangulia kuwako kwa tovuti. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM, alieleza namna mashine inavyoweza kuteua sentensi muhimu za makala kwa kuhesabu ni mara ngapi maneno fulani yanatokea humo. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones wa Cambridge alilikamilisha wazo hilo kwa upande wake wa pili: uzito wa neno hautegemei wingi wake katika hati moja tu, bali pia uchache wa hati zenye neno hilo. Neno lililoenea katika kila hati halimsaidii mtafutaji kutenga hii na ile. Neno adimu humwelekeza moja kwa moja.

Mitambo ya mwanzo ya tovuti ilipata taabu kwa sababu iliamini mno maneno ya mwenye ukurasa. Mwandishi aliruhusiwa kuandika orodha ya maneno muhimu mahali pasipoonekana na msomaji, na wengi wakaandika humo lolote lililotafutwa sana, lihusike lisihusike. Larry Page na Sergey Brin, walipoueleza mtambo wao wa Google mwaka 1998 wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walitegemea pia ushahidi wa watu wengine: ukurasa hupata hadhi kwa viungo vinavyoelekezwa kwake kutoka kurasa nyingine, na hasa kutoka kurasa zenye hadhi. Wanazuoni hawakupaswa kulistaajabia jambo hili, kwa kuwa ndiyo desturi yao ya kunukuliana. Na Page na Brin wenyewe waliufananisha utaratibu huo na unukuzi wa kitaaluma.

Mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba haiitumii ile orodha iliyofichwa katika kupanga matokeo. Mabadiliko iliyoyafanya mwaka 2011 yaliziteremsha kurasa zenye maelezo haba, na ya mwaka 2012 yakawaandama waliotafuta nafasi kwa hila. Kurundika maneno muhimu ni miongoni mwa makosa yanayotajwa waziwazi katika kanuni zake. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili anayekariri neno moja kila baada ya sentensi mbili anafuata mafundisho yaliyokwisha kukataliwa hata huko yalikotoka. Amevaa kanzu ya marehemu, nayo haikushonwa kwa kimo chake.

3. Sarufi ya Kiswahili na kanuni ya kigeni

Ni katika sarufi ndipo tofauti inapodhihirika zaidi. Neno la Kiingereza hubadilika kwa kiasi kidogo, na aghalabu hubadilika mwishoni. Ndiyo maana utaratibu uliochapishwa na Martin Porter mwaka 1980, ambao ulitumiwa sana katika utafutaji wa matini za Kiingereza, ulikuwa utaratibu wa kukata viambishi tamati. Neno la Kiswahili hubadilika mbele na nyuma. Mkulima, wakulima, kilimo, ukulima, analima, tulilima, waliolimiwa: haya yote msikilizaji huyasikia kuwa ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa sikio lake linaufuata mzizi -lim- popote ulipojificha. Mashine ikatayo mikia tu itawaona ndugu hao kuwa wageni wasiojuana. Zaidi ya hayo yako maneno ambayo hata herufi zake za mwanzo hazisaidii. Mtu mwenye maumivu huenda akaandika “dawa ya jino” au “dawa ya meno”. Kwa msemaji hayo ni umoja na wingi wa kitu kimoja. Kwa anayelinganisha herufi, jino na meno ni vitu viwili mbalimbali.

Kwamba mofolojia ya Kiswahili yaweza kuelezwa kwa mashine si jambo la kubahatisha. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alionyesha tangu miaka ya 1990 namna ya kuichanganua kwa kanuni kamili, mzizi na viambishi vyake vyote. Lakini kuweza si kutumia. Na mwandishi wa tovuti, asiyeona yaliyomo ndani ya mtambo, huchagua njia ya woga. Huling’ang’ania umbo moja la neno, lile linalotafutwa zaidi, na kuizuia lugha isinyambulike. Huandika “kilimo cha mahindi” mahali pa “kulima mahindi”, na “ununuzi wa simu” mahali pa “kununua simu”, hata pale ambapo kitenzi ndicho kingeipa sentensi uhai. Hivyo matini hujaa nomino zilizokaa kama mawe, na kitenzi cha Kiswahili, ambacho ndicho hazina kubwa ya lugha hii, hubaki kikifungafunga nomino tu.

Tatizo la pili ni la vikundi vya maneno. Katika Kiingereza kivumishi hutangulia nomino, na kwa hiyo kikundi cha nomino mbili hakivunjiki kinapoongezewa sifa. Katika Kiswahili sifa huingia ndani. “Bei ya mahindi” hugeuka kuwa “bei mpya ya mahindi”, “bei hiyo ya mahindi”, “bei za mahindi”. Mwandishi anayeogopa kukivunja kikundi chake huisukuma sifa hadi mwisho, na kuandika “bei ya mahindi mpya”. Msomaji hukwama hapo, kwa kuwa jicho lake hukutana na sifa isiyopatana na nomino iliyo jirani yake. Kweli upatanisho wa ngeli humwokoa: “mpya” ni ya bei, ilhali “mapya” yangekuwa ya mahindi. Silabi moja hutenga bei iliyobadilika na mazao yaliyotoka shambani juzi. Walakini anayehesabu kikundi cha “bei ya mahindi” peke yake hupata jumla ileile katika sentensi zote mbili. Neema hii ya ngeli, ambayo wanafunzi hufundishwa kwa taabu darasani, hupotea mara tu uandishi unapotawaliwa na hesabu.

4. Takriri na kurundika

Ili kuuhakiki mtindo huu inafaa kuutazama kwa karibu. Kifungu kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini msomaji wa tovuti hatakiona kigeni:

“Je, unatafuta bei ya mahindi leo Kenya? Bei ya mahindi leo Kenya imekuwa ikibadilika. Wakulima wengi wanataka kujua bei ya mahindi leo Kenya. Katika makala hii utajua bei ya mahindi leo Kenya.”

Jambo la kwanza la kuzingatia ni sarufi ya kikundi chenyewe. “Bei ya mahindi leo Kenya” ni Kiswahili cha simu ya maandishi ya zamani, ambapo mtumaji alilipia kila neno. Mtafutaji ana haki ya kuandika hivyo, kwani yeye anauliza kwa ufupi. Lakini maelezo hayalipiwi kwa neno, wala hayana sababu ya kuacha kusema “nchini Kenya” au kuiweka “leo” mahali pake. Kifungu hiki kimechukua sarufi ya swali na kuifanya sarufi ya jibu. Amuulizaye mwalimu kwa neno moja hatazamii kujibiwa kwa neno lilelile mara nne.

Jambo la pili ni takriri yenyewe. Yamkini mtetezi wa uandishi huu atasema kwamba fasihi ya Kiswahili imejaa takriri, na atakuwa amesema kweli. Shairi lina kibwagizo. Ngano ina wimbo urudiwao kila shujaa anapofika njia panda. Mhubiri na mwanasiasa hurudia neno hadi lichomoze. Lakini tazama takriri hiyo inavyofanya kazi. Kibwagizo hurudi na maneno yaleyale baada ya ubeti mpya, na kwa sababu ubeti umeongeza jambo, kibwagizo hakina tena maana iliyokuwa nacho hapo awali. Maneno hayakubadilika, msikilizaji ndiye aliyebadilika. Wimbo wa ngano huimbwa mara ya kwanza kwa matumaini na mara ya tatu kwa hofu. Takriri ya fasihi ni ngazi, na kila kidato huinua.

Takriri ya kifungu kilichonukuliwa haiinui kitu. Sentensi ya nne haimpi msomaji chochote asichokuwa nacho katika ya kwanza, isipokuwa ahadi kwamba jibu lipo mbele. Kwa istilahi za kihakiki, hii ni fani iliyoachwa na maudhui. Hata kuiita fani ni kuiheshimu mno, kwa kuwa fani hukusudia kumgusa mtu, na hapa mtu hakukusudiwa.

Linganisha na maelezo haya ya jambo lilelile, chini ya kichwa “Bei ya Mahindi Nchini Kenya: Kwa Nini Gunia Moja Lina Bei Nyingi”:

“Gunia la kilo 90 haliuzwi kwa bei moja Kitale na Mombasa. Mkulima auzaye karibu na shamba lake hupokea kidogo, kwa kuwa mnunuzi hukata humo gharama za kusafirisha. Bei hushuka baada ya mavuno, maghala yajaapo, ikapanda tena wakulima wamalizapo akiba zao.”

Kifungu hiki cha pili kina kikundi “bei ya mahindi” mara moja tu, nacho kimo kichwani, mahali ambapo mtambo na msomaji hutazama kwanza. Lakini ndani yake mna gunia, kilo 90, Kitale, Mombasa, mkulima, mnunuzi, gharama za kusafirisha, mavuno, maghala na akiba. Kila mojawapo ya maneno hayo ni mlango ambao mtafutaji mwingine anaweza kuingilia. Kifungu cha kwanza kina mlango mmoja uliopakwa rangi mara nne. Hapa ndipo kanuni ya Spärck Jones inapomfaa mwandishi mwema: neno mahususi lina uzito kuliko neno la jumla. Mkulima wa Trans Nzoia aliyevamiwa na viwavijeshi hahitaji ukurasa unaokariri “wadudu waharibifu”; anahitaji ule uliomtaja mdudu kwa jina lake, sehemu ya mmea anayoishambulia, na umri wa mahindi anapoanza kuingia. Anayeijua kazi anayoiandikia huyataja mambo hayo pasipo kushurutishwa, na mtambo humpata kwa sababu hiyohiyo iliyomfanya msomaji amwamini.

5. Nani mteuzi wa istilahi?

Liko suala jingine linalowahusu wanaisimu moja kwa moja. Usanifishaji wa Kiswahili umekuwa kazi ya vyombo vinavyojulikana. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Maamuzi yao yalipingwa, na mara nyingine yalistahili kupingwa. Lakini mpinzani alijua ampinge nani na kwa hoja gani.

Mwandishi wa tovuti ateuapo neno kwa kutazama ni lipi linalotafutwa zaidi, hufuata mamlaka isiyo na kikao. Chukua mfano wa “kompyuta” na “tarakilishi”. La pili liliundwa kutokana na tarakimu na akili, nalo limeshika mizizi katika vitabu vya shule vya Kenya. La kwanza limeenea zaidi katika eneo zima la Kiswahili. Kadhalika “rununu” ya Wakenya na “simu ya mkononi” ya wengi. Mwenye kutaka wasomaji wengi huambiwa achague neno la wengi na aliache jingine. Kila anayeliacha hupunguza kurasa zenye neno hilo. Kurasa zikipungua, mtafutaji alitumiaye hakuti kitu, naye huliacha pia. Hivyo neno hufa bila ya mtu yeyote kuamua kwamba life.

Hapana haja ya kulilia kila istilahi. Yako maneno yaliyoundwa vyumbani ambayo watu waliyakataa kwa haki. Lakini tofauti ipo kati ya neno lililokataliwa na wasemaji na neno lililofichwa na orodha. Dawa yake ni desturi iliyo ya zamani katika lugha hii, nayo ni visawe. Mshairi hakuona haya kuita kitu kimoja kwa majina matatu katika ubeti mmoja. Mwandishi aandikaye “tarakilishi, au kompyuta kama inavyoitwa na wengi” hufungua milango miwili, humfundisha Mkenya neno la Mtanzania na Mtanzania neno la Mkenya, na huacha wasemaji waamue baina yao.

6. Pingamizi na jibu lake

Huenda ikasemwa kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa mitambo imejifunza kufuata maana wala haitegemei umbo la neno peke yake. Ni kweli kwamba mwaka 2019 Google ilianza kutumia kielelezo cha lugha kinachoitwa BERT, kwanza kwa Kiingereza, na kabla ya mwaka kwisha kwa lugha zaidi ya 70. Mtambo ulio hivyo hutazama neno pamoja na majirani zake, na waweza kutambua kwamba maumbo mawili yana undugu.

Pingamizi hili, badala ya kuidhoofisha hoja, linaitia nguvu. Mtambo hujifunza lugha kutokana na matini ulizopewa. Kwa Kiingereza matini ni bahari, na taka chache huzama ndani yake. Kwa lugha zenye matini haba, taka hizo ndizo chakula. Uchunguzi ulioongozwa na Julia Kreutzer na kuchapishwa mwaka 2022 ulikagua mikusanyiko 205 ya matini za lugha mbalimbali zilizookotwa tovutini. Uligundua kwamba isiyopungua 15 haikuwa na matini yoyote ifaayo, na kwamba kasoro ziliziandama hasa lugha zenye matini chache. Kiswahili kina hali nafuu kuliko lugha nyingi za Afrika, lakini hakimo katika daraja la lugha zilizoshiba. Mwandishi akiandika leo “bei ya mahindi leo Kenya” mara nne, hamchoshi msomaji mmoja tu. Anaifundisha mashine kwamba hivyo ndivyo Waswahili wanavyosema. Kesho mashine itamrudishia mwanafunzi Kiswahili hichohicho, naye atadhani ni sanifu.

7. Wajibu wa idara na hitimisho

Jambo hili si la wafanyabiashara peke yao. Majarida ya idara za Kiswahili nayo yanatafutwa, na mara nyingi hayapatikani, si kwa sababu hayana elimu bali kwa sababu ya uzembe katika mambo madogo. Makala yaliyopigwa picha kurasa zake bila ya herufi kusomeka na mashine ni sawa na kitabu kilichofungiwa sandukuni. Ikisiri iandikwayo kwa Kiingereza pekee humfikisha msomaji wa Kiingereza kwenye makala asiyoweza kuyasoma, na kumwacha nje msomaji wa Kiswahili aliyekusudiwa. Kichwa kisemacho “Baadhi ya Matatizo ya Sarufi” hakimwambii mtu ni matatizo gani. Kichwa kitajacho upatanisho wa kisarufi katika ngeli fulani humwita anayehusika. Kiungo kilichoandikwa “bofya hapa” hakibebi maana yoyote, ilhali kilichotaja jina la kinachoelekezewa kinamfaa mtu na mashine. Nayo ile orodha fupi ya maneno muhimu iwekwayo chini ya ikisiri, ambayo wengi huijaza kwa kuyarudia maneno ya kichwa, ingefaa itumike kuwekea visawe na istilahi ambazo kichwa hakikuweza kuzibeba.

Kadhalika idara zinazofundisha uandishi wa magazeti na matangazo hazina budi kuuingiza uandishi wa tovuti katika mitalaa yao kama mtindo wenye kanuni za kuhakikiwa. Wahitimu wengi watalipwa ujira kwa kazi hiyo. Wasipofundishwa na walimu wa Kiswahili, watafundishwa na vitabu vya Kiingereza ambavyo havijui kwamba lugha hii hubeba maana yake mbele ya mzizi, katikati na nyuma.

Neno muhimu lina asili ya heshima. Ni ndugu wa faharasa na wa anwani ya barua, vitu viwili ambavyo kazi yake ni kumfikisha mtu mahali anapotaka. Anwani huandikwa mara moja, juu ya bahasha, kwa usahihi. Atakayeiandika tena katika kila mstari wa barua hatazuia barua kufika. Lakini mpokeaji akiifungua, hatakuta salamu wala habari.